Kukawia, Kungoja na Uvivu katika Kiingereza cha Zamani



Ndugu msomaji, makala hii imetokana na aibu. Muhula uliopita nilipewa kazi ya kuwasilisha darasani sura ya pili ya Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, pale Mtume Paulo anapoeleza siri ya uasi. Kwa kuwa nilitaka nionekane nimesoma sana, sikutosheka na Biblia yetu ya Kiswahili. Nilikwenda maktaba nikachukua Biblia ya Kiingereza ya King James, ile iliyotoka mwaka 1611, nikakuta katika mstari wa saba kitenzi "let" kimetumika mara mbili. Kitenzi hicho kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anakijua: kuruhusu, kuacha. Basi nikasimama mbele ya wenzangu nikaeleza kwamba, kadiri ya tafsiri hiyo, kuna mmoja anayeuruhusu uovu uendelee, na nikaongeza maneno mazuri niliyoyapata katika somo la metafizikia kuhusu Mungu kuruhusu baya kwa ajili ya jema lililo kubwa zaidi. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa upole: "Frateri, huyo anaruhusu au anazuia?"

Nikafungua Biblia ya Kiswahili. Anazuia.

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao kidogo, lakini jioni sikucheka. Nilikuwa nimefundisha watu ishirini na wawili kinyume kabisa cha Neno la Mungu, kwa kujiamini, huku kitabu kiko mkononi. Nikajiuliza ingekuwaje kama ningekuwa tayari padre, na wale si mafrateri wa kunisahihisha bali ni waamini wa kigango wanaosema "Amina". Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia maneno ya Kiingereza cha zamani, hasa yale ya kuchelewa, kukawia na kungoja, kwa sababu ndiyo yaliyoniumbua na pia ndiyo yaliyobadilika kwa namna ya ajabu kuliko mengi. Sisi tunaosoma falsafa tunayahitaji. Tafsiri nyingi za Kiingereza za Mababa wa Kanisa zilizoko katika maktaba za seminari ni za zamani, na Kiingereza chake hakifanani na kile cha magazeti.

Tuanze na huyo "let". Ukweli ni kwamba Kiingereza kilikuwa na vitenzi viwili tofauti. Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichotumika mpaka baada kidogo ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na "lætan", kuacha au kuruhusu, na kulikuwa na "lettan", kuzuia au kuchelewesha. Kadiri karne zilivyopita, sauti zake zikakaribiana mpaka vyote viwili vikawa "let". Kwa muda mrefu watu waliishi na neno moja lenye maana mbili zinazopigana, wakielewana kwa muktadha tu. Mwishoni lile la kuzuia likafa, likabaki katika pembe mbili tatu za lugha. Katika mchezo wa tenisi, mpira wa kuanzisha ukigusa wavu na kisha kuangukia mahali pake, mwamuzi hutamka "let" na mchezaji hurudia. Na katika pasipoti za Uingereza bado kuna maneno yanayoomba mwenye pasipoti apite pasipo "let", yaani pasipo kizuizi.

Hiyo "lettan" ni ndugu wa "læt", ambalo leo ni "late". Sisi tunajua "late" ni kuchelewa. Zamani lilimaanisha kwanza mtu au mnyama mzito, asiye mwepesi wa mwendo. Kwa hiyo kumzuia mtu, katika fikra za Waingereza wa kale, kulikuwa ni kumfanya awe mzito, kumtia uzito miguuni. Aliyenizuia si lazima awe amejenga ukuta. Inatosha kwamba amenikawiza.

Na ikiwa "let" ilikuwa kuzuia, kuruhusu kulikuwa nini? Mara nyingi kulikuwa "suffer", ambalo leo tunalijua kama kuteseka. Yesu anapowaambia mitume wawaache watoto waje kwake, Biblia za zamani za Kiingereza, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, zimetumia "suffer". Anayesoma kwa Kiingereza cha leo anaweza kudhani watoto wale wanateswa. Kumbe neno lina maana ya kubeba, kustahimili, na kwa hiyo kukubali jambo liwepo.

Sasa nije kwenye kundi ambalo kwangu ni la kuchekesha zaidi: maneno yaliyokuwa na maana ya "papo hapo" na leo yana maana ya "baadaye kidogo". Neno "soon", ambalo sote tumefundishwa kuwa ni "hivi karibuni", katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "sona", na maana yake ilikuwa mara moja, bila kungoja. Neno "anon" lilitokana na maneno mawili yenye maana ya "katika moja", yaani kwa tendo moja, kwa mkupuo. Nalo lilikuwa papo hapo. Kufikia siku za Shakespeare, "anon" ilikuwa imekwisha kuchakaa. Katika sehemu ya kwanza ya mchezo wake wa Mfalme Henry wa Nne kuna kijana wa baa aitwaye Francis. Mwana wa mfalme anamtania kwa kumshikilia kwa maongezi huku mwenzake akimwita kutoka chumba kingine, na kila anapoitwa Francis hujibu "anon" pasipo kuondoka aliposimama. Watazamaji wa London walicheka kwa sababu walimjua Francis. Na sisi tunamjua. Ni yule anayekuambia "nakuja" akiwa bado anatafuta kiatu, au mama lishe anayesema "sasa hivi" wakati wali haujainjikwa.

Kwa kweli "sasa hivi" yetu inatembea njia ileile. Ukiyachukua maneno yenyewe, hayana nafasi hata ya dakika moja ndani yake. Lakini fundi akikuambia gari litakuwa tayari sasa hivi, unatafuta benchi. Hakuna mkutano uliokaa kubadili maana. Watu waliahidi haraka, wakachelewa, na neno likashuka thamani kama noti. Waingereza walilazimika kutafuta neno jipya la haraka kila baada ya muda, nalo likachakaa vilevile.

Hapa kuna hatari kwa msomaji wa Maandiko. Neno "presently" leo, hasa Uingereza, ni "baada ya muda si mrefu", na Marekani ni "kwa sasa". Katika Biblia ya King James, Injili ya Mathayo sura ya 21, Yesu anaulaani mtini, nao unakauka "presently". Ukisoma kwa masikio ya leo, mti ulijikaukia taratibu kama mti wowote usiopata mvua, na muujiza umekwisha. Maana iliyokusudiwa ni kwamba ulikauka palepale.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika Injili ya Marko sura ya 6, binti wa Herodia anaingia kwa mfalme na kuomba kichwa cha Yohane Mbatizaji. King James inasema anakitaka "by and by". Leo maneno hayo yana sauti ya mtu asiye na haraka, kama anayeagiza chai. Lakini mwaka 1611 yalikuwa na maana ya papo hapo, na neno la Kigiriki lililo nyuma yake halina ulegevu wowote. Wakatoliki waliotafsiri Agano Jipya huko Rheims, Ufaransa, mwaka 1582, walitumia "forthwith", ambalo halijachakaa hata leo, ingawa sasa linasikika zaidi katika amri za mahakama. Tazama tofauti. Binti anayetaka kichwa baadaye anampa mfalme nafasi ya kufikiri, kuzunguka chumbani, kumwita mshauri. Binti anayekitaka sasa hamwachii hata muda wa kumaliza kikombe chake. Dhambi ya Herode iko ndani ya haraka ile. Ukiipoteza haraka, umempunguzia shinikizo na umebadili kesi yake.

Maneno ya kungoja yana historia ya utulivu zaidi, nami nitapita haraka katika mengine ili nikae kwenye mawili. "Linger" limetoka katika "long", refu: kukawia ni kuurefusha wakati. "Procrastinate" lina ndani yake neno la Kilatini "cras", kesho, ambalo kila frateri aliyefanya mtihani wa Kilatini analijua. "Defer", kuahirisha, na "differ", kutofautiana, yametoka katika kitenzi kimoja cha Kilatini, "differre", kupeleka huku na huku. "Tarry" ni lile lililotumiwa na King James katika Waraka kwa Waebrania sura ya 10, kuhusu yule ajaye ambaye hatakawia.

Ninalotaka kukaa nalo kwanza ni "wait". Lilikuja na Wanormandi kutoka Kifaransa cha kaskazini, na maana yake ya kwanza haikuwa kungoja. Ilikuwa kuangalia, kulinda, kuvizia. Ni la ukoo mmoja na "wake", kuwa macho, na "watch", kukesha. Katika miji ya Uingereza ya zamani walikuwepo watu walioitwa "waits": walinzi wa usiku waliopiga vyombo vya muziki wakizunguka mjini. Kwa hiyo aliyengoja hakuwa amekaa tu akiangalia saa. Alikuwa macho gizani. Nilipoliona hili nikakumbuka jinsi Kiswahili chetu kilivyoweka pambazuko moja ndani ya maneno matatu: kucha, kesha, kesho. Anayekesha anafika kesho akiwa macho. Waingereza nao, "tomorrow" yao ni "asubuhi" iliyotiwa kiambishi. Mafrateri wanaopangiwa kuandaa tafakari za Majilio wanaweza kuanzia hapa bila kupoteza muda.

La pili ni "dwell". Leo ni kukaa mahali, kuwa na makao. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa kupotosha, kumtoa mtu njiani. Kisha, kwa msaada wa lugha ya Waskandinavia waliohamia kisiwani, likawa kukawia. Baadaye kabisa likawa kuishi. Mtu anapotea, anakawia, na mwishowe mahali alipokawia panakuwa nyumbani kwake. Sisi tunaye "kaa" anayefanya kazi hiyo yote: "amekaa sana sokoni" maana yake amechelewa, na "anakaa Mbagala" maana yake ndipo makao yake. Karibu na hilo kuna "abide", ambalo Biblia za zamani zimelitumia katika Injili ya Yohane sura ya 15, kuhusu mzabibu na matawi, ambapo Biblia zetu zimetumia kukaa. Kiini chake ni "bide", kungoja. Lina pia maana ya kustahimili, ndiyo maana Mwingereza akimchukia mtu husema hawezi "abide" naye. Tawi linalokaa katika mzabibu, kwa masikio ya zamani, linangoja na kuvumilia humohumo.

Nimefika sasa kwenye neno lililonifanya niandike makala nzima, maana hilo la "let" lingeweza kuishia katika aibu ya siku moja. Ni "sloth".

"Sloth" limejengwa kutoka "slow", kama vile Kiswahili kinavyojenga uzito kutoka zito. Na "slow" ya kale haikuwa mwendo mdogo tu. Ilikuwa ubutu wa akili na moyo. Wale wanafunzi wa Emau, ambao Yesu anawakemea kwa kutosadiki upesi, katika Biblia za zamani wanaitwa "slow" wa moyo. Hawakuwa wanatembea polepole. Walikuwa wamefika mbali siku ile.

Neno hilo likachukuliwa kutafsiri dhambi ambayo Mababa wa jangwani waliiita kwa Kigiriki "akedia". Evagrius wa Ponto, mmonaki wa karne ya 4 aliyeishi katika jangwa la Misri, ameieleza vizuri mno: adui huyu huja karibu na adhuhuri, humfanya mmonaki aone jua halisogei na siku imekuwa na saa hamsini, humfanya achungulie nje kuona kama kuna ndugu anakuja, kisha humtia chuki na mahali alipo, na kazi yake, na maisha yenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 35, anaiita huzuni mbele ya jema la Kimungu, na anaiweka kinyume cha furaha itokanayo na mapendo. Halafu anasema jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari: akedia ni kinyume cha amri ya kuitakasa siku ya Bwana, kwa sababu amri ile inadai akili ipumzike ndani ya Mungu. Yaani tunayoiita dhambi ya uvivu inavunja amri ya kupumzika.

Waingereza wa karne ya 14 bado walikuwa na maneno yote mawili. Chaucer, katika hadithi ya Paroko inayofunga kitabu chake cha mahujaji wa Canterbury, anaiita "accidie". William Langland, aliyeandika wakati huohuo shairi refu la Piers Plowman, anaileta kama mtu aitwaye Sloth anayekuja kuungama. Anaanza maungamo kwa kubeua na karibu ashikwe na usingizi. Hajui vizuri Baba Yetu, ila anajua mashairi ya Robin Hood. Tena anasema amekuwa padre kwa miaka zaidi ya thelathini, hawezi kusoma maisha ya watakatifu, lakini anajua kumtafuta sungura shambani kuliko mtu yeyote. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mtu huyo ana bidii. Ana bidii ya sungura.

Baadaye "accidie" ikapotea katika matumizi ya kawaida, ikabaki "sloth", na "sloth" ikaendelea kukonda mpaka ikawa kutopenda kazi. Katekisimu tuliyokariri tukiwa watoto, katika orodha ya mizizi ya dhambi, ilitupa "uvivu", nasi tukaelewa ni kutokwenda shamba na kutofua sare. Si neno baya. Ila limenidanganya kwa miaka mingi. Katika kutafuta dhamiri nilikuwa nikifika kwenye uvivu napita moja kwa moja, maana mimi si mvivu. Nahudumia bustani, natunza hesabu za kwaya, ni wa kwanza kubeba viti siku ya sherehe, na pampu ya maji ikiharibika huniita mimi. Wakati huohuo, nusu saa ya tafakari ya asubuhi nimekuwa nikiikimbia kwa mwaka mzima. Nikiingia kikanisani nakumbuka pampu. Nikibaki peke yangu na Mungu naona jua halisogei. Mlezi wangu wa kiroho alipolisikia hilo hakuniambia niongeze bidii. Aliniambia nipunguze shughuli moja, nisiseme ipi kwa mtu yeyote, na nikae.

Niseme pia kwamba uzito si mbaya siku zote katika lugha hiyo ya zamani. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anatutaka tusiwe wepesi wa kusema wala wa kukasirika, na Kiingereza cha zamani kimetumia "slow" ileile ya Emau, safari hii kama sifa njema. Na William Tyndale, alipochapa Agano Jipya lake mwaka 1526, tunda la Roho tunaloliita uvumilivu aliliandika "longsuffering", yaani kubeba kwa muda mrefu, pamoja na ile "suffer" tuliyoiona kwa watoto.

Kwa wenzangu mnaotaka kusoma vitabu hivi, ushauri ni mmoja: msiamini neno mnalolijua. Neno msilolijua litawapeleka wenyewe kwenye kamusi, lakini "let", "soon" na "suffer" hayatawapeleka. Kamusi kubwa ya Oxford inaonyesha kila neno lilimaanisha nini katika karne ipi. Nayo ina historia inayofaa mada yetu: mwaka 1879 mhariri James Murray alikubaliana na wachapishaji kuimaliza kwa miaka kumi. Baada ya miaka mitano sehemu ya kwanza ilitoka, ikiwa imefika "ant", mdudu chungu. Murray alifariki mwaka 1915 kazi haijaisha, na kamusi ilikamilika mwaka 1928.

Wasilisho langu nililirudia baada ya wiki mbili. Nilieleza anayezuia kuwa anazuia. Mwalimu aliridhika, akanipa nafasi ya kujibu maswali, na frateri mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza kwa nini basi huyo anayezuia anakawia kuondolewa. Nilimwambia sasa hivi nitamletea jibu. Bado ananidai.